Voltaire: Mwandishi Aliyemtetea Marehemu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa hizi ningependa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye huenda umelikuta jina lake kwenye kitabu cha historia, mahali panapoelezwa Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa kawaida hupewa mstari mmoja tu, kwamba alikuwa mmoja wa wanafalsafa walioamsha watu, kisha kitabu huendelea na mambo mengine. Mtu huyo ni Voltaire. Alifariki mwaka wa 1778, lakini swali alilohangaika nalo lingali hai. Dini na serikali zikishikana mikono na kuwa kitu kimoja, ni nani atakayemtetea mnyonge? Na mwandishi wa hadithi na mashairi, yeye ambaye hana askari wala mimbari, ana kazi gani hapo?

Katika darasa letu wamo Wakatoliki, Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali, Waislamu, na hata mmoja au wawili ambao hawaendi popote. Hakuna anayeulizwa dini yake kabla ya kuazimwa rula. Wengi wetu tunadhani hali hii imekuwako siku zote, kama jua na mvua. La hasha! Ilipiganiwa, na wengine walivunjwa mifupa kabla haijapatikana. Ndiyo maana nikaona nisimulie habari hizi.

KUZALIWA NA MASOMO

Voltaire alizaliwa mjini Paris mwezi wa Novemba mwaka wa 1694. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa François-Marie Arouet. Baba yake alikuwa mtu wa sheria mwenye uwezo wa kutosha, na mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka saba hivi. Alipelekwa katika shule ya mapadri Wajesuti iitwayo Louis-le-Grand. Huko alifundishwa Kilatini, ushairi na michezo ya kuigiza. Tusisahau jambo hili, kwa maana mtu ambaye baadaye aliwatoa jasho mapadri alifundishwa kushika kalamu na mapadri hao hao, na wengine kati yao aliwaheshimu mpaka uzeeni.

Baba alitaka mwanawe awe mwanasheria. Kijana akakataa katakata. Alisema kazi yake ni kuandika tu, na baba akaona mwanawe amejichagulia njaa.

Ili tuelewe yaliyomfika, lazima kwanza tuijue Ufaransa ya siku hizo. Nchi ilikuwa na mfalme mmoja na dini moja. Mfalme alihesabiwa kuwa amewekwa na Mungu mwenyewe, na Kanisa Katoliki lilikuwa nguzo ya kiti chake. Hapo awali, mwaka wa 1598, Waprotestanti walikuwa wamepewa ruhusa ya kuabudu kwa amri iliyotolewa Nantes. Mwaka wa 1685, yaani miaka tisa kabla ya Voltaire kuzaliwa, Mfalme Louis wa 14 aliifuta amri hiyo. Tangu hapo Mprotestanti hakuweza kufunga ndoa inayotambuliwa na sheria wala kumwandikisha mtoto wake bila ya kupitia kwa padri wa Kikatoliki. Kazi nyingi kama uwakili zilifungwa kwake. Vitabu navyo vilikaguliwa na wakaguzi wa mfalme kabla ya kupigwa chapa. Isitoshe, kulikuwa na barua za mfalme zilizoweza kumtia mtu jela bila ya kesi yoyote. Mtu angelala kwake na kuamkia kizuizini, asijue kosa lake ni nini wala atatoka lini.

JELA NA FIMBO

Haikuchukua muda mrefu kijana Arouet akaonja barua hizo. Mwaka wa 1717 aliandika mashairi ya kumkejeli mtawala aliyekuwa akishika nchi kwa niaba ya mfalme mtoto. Alitupwa katika jela ya Bastille na kukaa humo karibu miezi kumi na mmoja. Wengine wangenyamaza baada ya hapo. Yeye alitoka na tamthilia. Mwaka wa 1718 ilichezwa tanzia yake iitwayo Oedipe, ikapendwa sana, na tangu wakati huo akajiita Voltaire.

Akawa mtu maarufu, anayealikwa katika nyumba za mabwana wakubwa. Lakini asiyejua maana haambiwi maana, na Voltaire alikuja kujua maana ya cheo mapema mwaka wa 1726. Bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Rohan alimdhihaki kuhusu jina lake la kujipachika. Voltaire akamjibu kwa maneno makali zaidi. Siku chache baadaye watumishi wa bwana huyo walimvamia barabarani na kumcharaza fimbo, huku bwana mwenyewe akitazama kutoka katika gari lake la farasi. Voltaire alipotaka kupigania heshima yake, wale marafiki wakubwa wote wakamgeuzia kisogo. Tena aliyetiwa jela ni yeye aliyepigwa! Akaachiliwa kwa sharti la kuondoka nchini, akaenda Uingereza.

Kusema kweli, fimbo zile zilimfundisha kuliko vitabu vingi. Alitambua kuwa mwandishi anaweza kusifiwa usiku mezani na asubuhi akapigwa kama mbwa, maadamu sheria haiwaangalii watu wote kwa jicho moja.

ALICHOKIONA UINGEREZA

Alikaa Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili, akajifunza lugha na kutazama mambo. Mwaka wa 1727 alikuwako London wakati Isaac Newton, yule mwanasayansi tunayemsoma kwenye fizikia, alipozikwa katika kanisa la Westminster kwa heshima ambayo Ufaransa ilikuwa ya wafalme. Pia aliona jambo jingine. Uingereza haikuwa na haki kamili, kwani Wakatoliki wa huko walibanwa vilevile. Hata hivyo madhehebu mengi yaliishi katika mji mmoja, na katika soko la hisa Myahudi, Mkristo na Mwislamu walifanya biashara pamoja bila ya kutupiana mawe. Voltaire akajiuliza, kumbe dini zikiwa nyingi nchi haivunjiki? Alifikia uamuzi kwamba dini moja yenye nguvu zote huwa dikteta, mbili zitakatana makoo, lakini zikiwa nyingi zitaishi kwa amani.

Aliyaandika hayo katika kitabu cha barua kuhusu Waingereza. Kilipotokea Ufaransa mwaka wa 1734, mahakama kuu ya Paris iliamuru kichomwe moto hadharani. Mwandishi akakimbia asikamatwe, akajificha Cirey katika jumba la Émilie du Châtelet. Mama huyu alikuwa bingwa wa hisabati na fizikia, na ndiye aliyekitafsiri kitabu kikuu cha Newton kwa Kifaransa. Waliishi na kusoma pamoja kwa miaka mingi, mpaka mama huyo alipofariki mwaka wa 1749 baada ya kujifungua.

Kabla ya hayo kulikuwa na kifo kingine kilichomuuma. Mwaka wa 1730 mwigizaji mashuhuri Adrienne Lecouvreur alifariki mjini Paris. Kanisa la Ufaransa siku hizo liliwahesabu waigizaji kuwa watu waliotengwa, na kama mwigizaji hakuikana kazi yake kabla ya kufa hakuzikwa kwa ibada. Basi mwili wa dada huyu, aliyepigiwa makofi na mji mzima, ulichukuliwa usiku na kufukiwa mahali pa ovyo pasipo jeneza. Mwaka huo huo mwigizaji wa Kiingereza Anne Oldfield alizikwa Westminster, kanisa lile lile la Newton. Voltaire aliandika shairi la hasira. Tangu siku hiyo hofu ya kutupwa kama mzoga ilimwandama mpaka kufa kwake, na tutaona mbele kama hofu hiyo ilikuwa ya bure.

MALI, MFALME NA TETEMEKO

Sehemu hii nitaipitia haraka. Voltaire hakuwa maskini. Pamoja na rafiki yake mwanahisabati, La Condamine, aligundua kasoro katika bahati nasibu ya serikali, wakanunua tiketi kwa ujanja na kupata fedha nyingi mno. Fedha hizo alizizalisha kwa kuwakopesha wakubwa. Alijua kuwa mwandishi anayekula kwa mkono wa mtu hawezi kuuma mkono huo.

Mwaka wa 1750 alikwenda kuishi na Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, huko Ujerumani, akidhani amempata mfalme mpenda hekima. Wakagombana, na mwaka wa 1753 akaondoka kwa aibu, tena akazuiliwa kwa majuma kadhaa mjini Frankfurt. Funzo ni kuwa rafiki wa mfalme bado ni mtumishi wa mfalme.

Tarehe 1 Novemba mwaka wa 1755, siku ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon huko Ureno ulipigwa na tetemeko la ardhi wakati watu wamejaa makanisani. Baadaye bahari ikafurika na moto ukawaka. Maelfu kwa maelfu walikufa. Wahubiri wengine walisema ni adhabu ya dhambi. Wanafalsafa wengine nao walikuwa wakifundisha kuwa kila kitu ulimwenguni kimepangwa kwa wema. Voltaire aliyakataa majibu yote mawili. Watoto wachanga waliofukiwa na kuta walikuwa na dhambi gani? Aliandika shairi, kisha mwaka wa 1759 akatoa hadithi yake maarufu kuliko zote, Candide. Ni hadithi fupi ya kuchekesha juu ya kijana aliyefundishwa kwamba kila kitu ni chema, kisha akapigwa na kila baya lililopo duniani: vita, njaa, tetemeko, na mahakama za dini zinazochoma watu. Kitabu kilipigwa marufuku Paris na Geneva, na kila kilipopigwa marufuku ndipo watu walipozidi kukitafuta.

Katika hadithi hiyo kuna mahali ambapo Candide, akiwa Surinam katika Amerika ya Kusini, anamkuta mtumwa Mwafrika amelala chini, hana mkono mmoja wala mguu mmoja. Mkono ulikatwa baada ya kidole kunaswa na mashine ya miwa, na mguu ulikatwa kwa sababu alijaribu kutoroka. Mtumwa anaeleza kuwa hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Candide anatokwa na machozi. Siku za Voltaire watu wengi walikunywa chai na kahawa tamu bila ya kuuliza sukari inatoka wapi.

KESI YA JEAN CALAS

Sasa tumefika penye kiini cha habari hii. Voltaire alikuwa na umri wa miaka 67, mgonjwa wa kila siku, akiishi Ferney karibu na mpaka wa Uswisi. Alichagua mahali hapo makusudi, ili akitafutwa na serikali ya Ufaransa avuke mpaka upesi. Angeweza kupumzika na kula mali yake. Badala yake akaingia katika kesi isiyomhusu.

Katika mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, aliishi mfanyabiashara wa nguo aitwaye Jean Calas. Alikuwa Mprotestanti mwenye umri wa miaka 63. Mmoja wa wanawe, Louis, alikuwa amehamia dini ya Kikatoliki, na baba hakumdhuru bali alimlipia matumizi yake. Mtumishi wao wa miaka mingi alikuwa Mkatoliki. Mwana wao mkubwa, Marc-Antoine, alikuwa amesoma sheria lakini asingeweza kuwa wakili kwa kuwa ni Mprotestanti. Akawa mtu wa huzuni.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba mwaka wa 1761, baada ya chakula, Marc-Antoine aliteremka chini dukani. Baadaye alikutwa amekufa. Vilio vikasikika, majirani wakajaa mlangoni. Katika umati mtu mmoja, asiyejulikana ni nani, akapiga kelele kuwa kijana ameuawa na jamaa zake kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Neno hilo likawa moto katika nyasi kavu. Mwanzoni jamaa walisema kuwa wamemkuta ameuawa na mtu wasiyemjua. Baadaye wakasema walimkuta amejinyonga. Kwa nini walificha? Kwa sababu sheria ya wakati huo iliamuru maiti ya aliyejiua iburutwe uchi barabarani, uso chini, na mali yake ichukuliwe. Mzazi gani angependa hayo yampate mtoto wake? Lakini mahakimu waliushika uongo huo wa huruma wakaufanya ushahidi wa mauaji.

Hapana aliyemwona Calas akiua. Tena mzee wa miaka 63 angemwezaje kijana wa miaka 28, mwenye nguvu, peke yake? Lakini mji ulikuwa umekwisha kuamua. Marc-Antoine alizikwa kwa ibada ya Kikatoliki kama shahidi wa dini, ijapokuwa hakuna aliyethibitisha kuwa alitaka kubadili dini. Zaidi ya hayo, Toulouse ilikuwa na sikukuu ya kila mwaka ya kukumbuka siku Waprotestanti walipouawa kwa wingi mwaka wa 1562, na mwaka wa 1762 ilikuwa inatimia miaka 200. Mji ulikuwa unajiandaa kusherehekea.

Mahakama kuu ya Toulouse ilipiga kura, na mahakimu wanane kati ya kumi na watatu wakamhukumu kifo. Tarehe 10 Machi mwaka wa 1762 Jean Calas aliteswa ili akiri. Alivutwa viungo na kumiminiwa maji kinywani. Hakukiri. Kisha akavunjwa mifupa kwa chuma na kufungwa kwenye gurudumu, uso ukitazama mbinguni, akaachwa saa mbili kabla ya kunyongwa. Mpaka pumzi ya mwisho alisema hana hatia. Mwana mmoja alifukuzwa katika nchi, na mabinti wakapelekwa katika nyumba za watawa.

Voltaire aliposikia habari hizi, kwanza alidhani Calas alikuwa na hatia. Baadaye akaanza kuwa na shaka. Kama Calas aliua kwa ajili ya dini, huo ni ushenzi wa Waprotestanti. Kama hakuua, basi ni mahakimu Wakatoliki walioua kwa ajili ya dini. Kwa vyovyote vile kuna ushenzi mahali fulani. Akamwita Donat, mwana mdogo wa marehemu aliyekuwa amekimbilia Geneva, akamhoji. Akaandika barua kwa kila aliyemfahamu, akaulizia wafanyabiashara, mawakili na mashahidi. Alipokwisha kuridhika, hakulala tena.

Hebu tuangalie alivyofanya, maana hapa ndipo penye funzo kwetu sisi wapenda lugha. Marehemu hafufuki, lakini Voltaire alitaka jina la Calas lifufuke. Aliandika vijitabu vifupi vya bei nafuu, kwa lugha nyepesi, akieleza kisa hicho kama mtu anavyosimulia hadithi. Alimtuma mjane Paris ili watu wamwone kwa macho yao. Alitafuta mawakili hodari, akatoa fedha zake, akawaandikia mawaziri na mabibi wa ikulu. Mwaka wa 1763 akatoa kitabu kizima juu ya uvumilivu wa dini, akianza na kesi hiyo ya Toulouse. Humo aliwakumbusha Wakristo kuwa Kristo mwenyewe aliuawa na wanaojiita watetezi wa dini. Aliwaonyesha pia kuwa Sultani wa Uturuki alitawala watu wa dini nyingi na dola yake haikuanguka.

Mambo yakaanza kugeuka. Watu wa Ulaya nzima wakawa wanaizungumza kesi hiyo. Mwaka wa 1763 baraza la mfalme liliamuru Toulouse ilete majalada ya kesi. Mwaka wa 1764 hukumu ikafutwa. Tarehe 9 Machi mwaka wa 1765, miaka mitatu kamili tangu hukumu kutolewa, mahakama ya Paris ilitangaza kuwa Jean Calas hakuwa na hatia. Mfalme akawapa jamaa zake livre 36,000, zilizokuwa fedha za Ufaransa wakati huo.

Baada ya hapo wenye kuonewa wakamkimbilia Ferney. Aliitetea familia ya Sirven, Waprotestanti waliosingiziwa kumuua binti yao aliyekutwa kisimani, na mwaka wa 1771 wakatakaswa. Lakini hakushinda kila mara. Mwaka wa 1766, mjini Abbeville, kijana wa miaka 20 aitwaye La Barre alikatwa kichwa na mwili wake kuchomwa moto. Alishtakiwa kwa kutovua kofia mbele ya maandamano ya dini na kuimba nyimbo za kukufuru. Nyumbani kwake kulikuwa na kamusi ya falsafa iliyotungwa na Voltaire, nayo ikatupwa katika moto huo huo. Mwandishi akawa ameona kitabu chake kikiteketea pamoja na msomaji wake.

JE, ALIMPINGA MUNGU?

Wengi hudhani kuwa Voltaire hakuamini Mungu. Si kweli. Aliamini kuwa ulimwengu una Muumba, kama saa ilivyo na fundi wake. Huko Ferney alijenga kanisa akaandika juu yake kuwa limejengwa na Voltaire kwa ajili ya Mungu. Alichokipinga ni dini iliyoshika upanga wa serikali, na serikali iliyovaa kanzu ya dini ili isiulizwe maswali. Alitaka hakimu ahukumu kwa ushahidi na padri afundishe kwa maneno, kila mmoja na mlango wake.

Hata hivyo mkono usiofua hukosa kutakata, na mimi sitaki kumpaka rangi nyeupe mahali ambapo ni peusi. Mtu huyu aliyemlilia mtumwa wa Surinam aliandika mahali pengine kwamba sisi Waafrika ni watu wa namna nyingine, wa chini kuliko Wazungu. Aliwaandikia Wayahudi maneno ya chuki. Mwaka wa 1741 ilichezwa tamthilia yake juu ya Mtume Muhammad, iliyojaa mambo ya kubuni yanayowaumiza Waislamu. Wengine wanasema aliwalenga mapadri wa kwao kwa mafumbo. Hata kama ni hivyo, si haki kumpiga jirani ili ndugu yako aogope. Mimi nikiwa Mwafrika, nilipoyajua hayo yalinikera. Lakini niliona kuwa fimbo inayomfaa kuchapwa nayo ni ile ile aliyoichonga mwenyewe. Kanuni yake ilisema kila mtu asikilizwe na ushahidi utazamwe. Kanuni hiyo ni kubwa kuliko mtunzi wake.

KIFO NA MAZIKO

Mwezi wa Februari mwaka wa 1778, akiwa na miaka 83, Voltaire alirudi Paris baada ya kukaa mbali karibu miaka 28. Umati ulimfuata barabarani. Watu wa kawaida walimwita mtetezi wa Calas, wala si mtunzi wa tanzia. Mwezi wa Machi tamthilia yake ya mwisho, Irène, ilipochezwa, sanamu yake ilivishwa taji jukwaani naye akitazama.

Alipougua alimwachia katibu wake maandishi mafupi yanayosema kuwa anakufa akimwabudu Mungu, akiwapenda rafiki zake, bila ya kuwachukia maadui, na akichukia ushirikina. Mapadri hawakuridhika. Alifariki tarehe 30 Mei mwaka wa 1778, na kanisa la mtaa wake likakataa kumzika. Ile hofu aliyoipata mwaka wa 1730 ikawa imemfikia. Basi jamaa zake wakaivisha maiti nguo, wakaiketisha katika gari la farasi kama mtu anayesafiri, wakaondoka nayo usiku. Mpwa wake aliyekuwa na cheo katika nyumba ya watawa ya Scellières alifanya mpango akazikwa humo kwa ibada, kabla ya katazo la askofu kufika.

Mapinduzi yalipokuja, mabaki yake yalirudishwa Paris tarehe 11 Julai mwaka wa 1791 kwa maandamano makubwa, yakawekwa katika Panthéon, jengo lililojengwa liwe kanisa kisha likafanywa kaburi la mashujaa wa taifa. Kwenye jeneza waliandika majina ya Calas, Sirven na La Barre.

Habari haikuishia kwenye shangwe. Mwaka wa 1793 baadhi ya wanamapinduzi waliomsifu Voltaire walifunga makanisa na kuwaua mapadri. Upanga ulitoka mkononi mwa dini ukaingia mkononi mwa wapinga dini, na shingo zikaendelea kukatwa. Hao nao hawakumwelewa. Ilipofika mwaka wa 1905 ndipo Ufaransa ilipopitisha sheria ya kutenganisha makanisa na serikali. Nasi hapa Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 katika Kifungu cha 8 inasema nchi haitakuwa na dini rasmi ya taifa. Kwa sababu hiyo muumini yuko huru kusali, na asiyesali naye yuko huru.

Wenzangu, kuna wanaosema kuwa fasihi ni ya kupitia mtihani tu. Calas alipouawa, sheria ilikuwa imenyamaza, mimbari zimenyamaza, na mfalme hakuwa na habari. Aliyesema ni mzee mgonjwa mwenye wino na karatasi. Tukitunga insha, mashairi na michezo yetu katika Chama cha Kiswahili, tujiulize kama kuna mtu asiye na sauti ambaye kalamu zetu zingemsaidia, hata kama si wa dini yetu. Na tukisikia mtu mmoja katika umati akipiga kelele kuwa fulani ana hatia kwa sababu ya anavyosali, tuulize kwanza ushahidi uko wapi.